Siku 90 Ubaoni: Mwananchi wa Buwenge na Kanuni za Mipango ya Ardhi

Mashauriano ya umma kuhusu kanuni za mipango ya ardhi ni utaratibu wa kisheria unaoilazimisha mamlaka ya mji au ya wilaya kuwaonyesha wananchi rasimu ya mpango, kupokea maoni na pingamizi zao kwa maandishi, na kuyapima hayo yote kabla mpango haujapata nguvu ya kumfunga mtu yeyote. Nchini Uganda utaratibu huo unatokana na Sheria ya Mipango ya Ardhi ya 2010, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2020, na unaigusa miji mikubwa na midogo kwa kiasi kilekile, ukiwemo mji wa Buwenge, ulio katika wilaya ya Jinja, kilomita zipatazo 25 kaskazini mwa jiji la Jinja kwenye barabara iendayo Kamuli. Miji ya namna hii hukua kufuata lami: maduka, magereji, vinu vya kusagia nafaka na nyumba za kupangisha hujipanga pande mbili za barabara, na nyuma yake mashamba ya miwa, mahindi na migomba huanza hatua chache tu kutoka kwenye mlango wa uani. Ni katika ukanda huo mwembamba, ambako shamba linageuka kuwa kiwanja bila mtu kutangaza, ndiko kanuni za mipango huuma zaidi na ndiko mashauriano huwa na kazi kubwa kuliko mahali pengine popote.

Maneno machache ya fani hii yanahitaji kufafanuliwa mapema. Mpango wa maendeleo ya mji, ambao katika Tanzania huitwa mpango kabambe, ni hati yenye ramani na maelezo inayosema kila sehemu ya mji itatumika kwa jambo gani kwa kipindi cha miaka kadhaa ijayo. Sehemu hizo huitwa kanda za matumizi, na mgawanyo wake ndio unaoamua kama kipande fulani ni cha makazi, biashara, viwanda, kilimo, shule, makaburi au eneo la wazi. Hifadhi ya barabara ni ardhi iliyoachwa kando ya barabara kwa ajili ya upanuzi, mitaro na nyaya, ambayo haijengwi hata kama imezungukwa na ukuta wa mtu kwa miaka 20. Idhini ya kuendeleza ardhi ni ruhusa ya kamati ya mipango ya kubadili matumizi ya ardhi, kuigawa au kujenga juu yake, na inatofautiana na kibali cha ujenzi, ambacho chini ya Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya 2013 huangalia uimara na usalama wa jengo lenyewe. Mtu anaweza kuwa na mchoro mzuri wa nyumba, uliopigwa mhuri na mhandisi, na bado akakataliwa kwa sababu ukanda wake si wa makazi.

Uzito wa jambo hili hauonekani vizuri bila kutazama nyuma. Kabla ya 2010, mipango nchini Uganda iliongozwa na Sheria ya Mipango ya Miji na Mashamba, iliyotungwa mwaka 1951 katika enzi za ukoloni na kupitiwa upya mwaka 1964, nayo ilifanya kazi pale tu ambapo serikali ilikuwa imetangaza eneo kuwa la mipango. Jinja ilikuwa eneo kama hilo. Mji huo ulipangwa kwa mitaa iliyonyooka na inayokatana kwa pembe mraba, ukakuzwa na bwawa la umeme la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954, na wafanyakazi wake Waafrika wakatengewa makazi yao Walukuba, mbali na mitaa ya Wazungu na ya Wahindi. Hakuna aliyeulizwa. Ukivuka mpaka wa manispaa, kanuni zilikoma ghafla, na kwa hiyo sehemu kama Bugembe na Mafubira zilijaa nyumba za watu waliofanya kazi mjini bila kumudu au bila kuruhusiwa kujenga ndani yake. Sura ya Jinja ya leo, yenye kitovu kilichopangwa na kando zilizojipanga zenyewe, ni matokeo ya mpaka huo kuliko ya uzembe wa wakazi, ingawa lawama huwaangukia wakazi mara nyingi.

Sheria ya 2010 ilifuta mpaka huo kwa sentensi moja: nchi nzima ilitangazwa kuwa eneo la mipango. Kuanzia hapo, kipande cha ardhi kilichorithiwa kwa mila katika kijiji cha eneo la Busoga, ambacho ukoo umekilima kwa vizazi kadhaa, kiliingia chini ya utaratibu uleule wa idhini unaokihusu kiwanja cha katikati ya jiji. Ni badiliko kubwa kuliko watu wengi walivyotambua wakati lilipopita, na hata leo si ajabu kukutana na mwenye shamba anayeamini kwa dhati kwamba mambo ya mipango ni ya watu wa mjini. Imani hiyo ilipata mshtuko tarehe 1 Julai 2020, Jinja na Mbale zilipoanza kuwa majiji pamoja na Arua, Fort Portal, Gulu, Masaka na Mbarara. Jinja, ambayo sensa ya 2014 ilihesabu ndani ya manispaa yake watu wasiofika 73,000, ilimeza mji wa Bugembe pamoja na Mafubira na Budondo, na watu waliolala wakiwa wanakijiji wakaamka wakiwa wakazi wa jiji. Buwenge ilibaki upande wa wilaya, lakini mpaka wa jiji sasa uko karibu zaidi nayo, na bei ya ardhi haingoji mpaka ufike.

Anayefika kabla ya mpango ni dalali. Shamba hununuliwa, hupimwa kwa kamba, hukatwakatwa kuwa viwanja vya futi 50 kwa 100, kipimo ambacho kila Mganda anakijua, kisha huuzwa kwa watu wanaotafuta pa kujenga. Mara nyingi njia inayoachwa kati ya viwanja hutosha bodaboda na haitoshi gari la wagonjwa. Miaka kumi baadaye halmashauri inapotaka kupitisha barabara au bomba la maji, haina pa kupitia isipokuwa sebuleni kwa mtu. Kwa sababu hiyo, kuzipinga kanuni za mipango kwa jumla, kana kwamba ni mzigo mtupu uliobuniwa na maofisa, ni kukosea adui. Swali lenye maana ni nani anashiriki kuzitunga na kuzibadili.

Kisheria, washiriki wanajulikana. Wilaya ina kamati ya mipango inayoongozwa na ofisa mkuu wa utawala wa wilaya, huku ofisa mipango akiwa katibu wake, nao wajumbe wengine wakiwa wataalamu kama mpima ardhi, mhandisi wa barabara, mhandisi wa maji, ofisa mazingira, ofisa kilimo na ofisa afya. Mji una kamati yake, na gombolola, yaani ngazi ya utawala iliyo chini ya kaunti na juu ya muluka, nayo ina kamati ndogo. Juu yao wote iko Bodi ya Taifa ya Mipango ya Ardhi. Mpangilio huo umejaa utaalamu, na hilo ni jema, lakini msomaji makini ataona kwamba wanaokaa mezani karibu wote ni watumishi wa serikali waliokaa kwa nafasi zao za kazi. Mwanakijiji hana kiti. Mlango wake pekee mpana ni ule wa mashauriano, na ndiyo maana namna mlango huo unavyofunguliwa si jambo dogo la kiofisi.

Rasimu ya mpango ikishatayarishwa, hutangazwa na kuwekwa hadharani kwa siku 90, na katika muda huo mtu yeyote mwenye maslahi anaweza kuikagua na kuwasilisha maoni au pingamizi kwa maandishi. Siku 90 ni muda wa heshima. Nchi nyingi hutoa pungufu. Tatizo haliko kwenye kalenda. Liko, kwanza, kwenye ukuta ambapo ramani inatundikwa, kwa kuwa ukuta huo kwa kawaida ni wa ofisi ya halmashauri, mahali ambapo mkulima wa miwa huenda akiwa na shida au akiitwa, na si vinginevyo. Ramani hiyo ingewekwa pia kwenye soko siku ya gulio, kwenye uwanja wa kanisa na wa msikiti baada ya ibada, na kwenye mzani ambako miwa hupimwa, ingeonwa na watu wengi zaidi katika wiki moja kuliko wanaoiona ofisini katika miezi mitatu.

Liko, pili, kwenye ramani yenyewe. Katika ramani ya kipimo cha 1:10,000, ambapo sentimita moja huwakilisha mita 100, kiwanja cha futi 50 kwa 100 hugeuka kuwa kipande chenye upana wa milimita moja na nusu na urefu wa milimita tatu. Juu yake kuna rangi, mara nyingi nyekundu kwa biashara, zambarau kwa viwanda na kijani kwa maeneo ya wazi, na pembeni kuna ufunguo wa maelezo kwa Kiingereza. Mtu anayeijua ardhi yake kwa mti wa mvule, kichuguu na kijito hawezi kujitambua katika picha hiyo bila kusaidiwa, hata awe msomi. Kuonyeshwa ramani na kushauriwa ni mambo mawili tofauti, na halmashauri inayodai kwamba watu walipewa siku 90 na hawakusema kitu inapaswa kwanza kuulizwa ni wangapi kati yao waliokaa na ofisa mipango akawaonyesha kwa kidole mahali nyumba zao zilipo.

Liko, tatu, kwenye lugha. Kiingereza ndicho lugha ya mafaili. Wakazi wa Buwenge huzungumza Kisoga nyumbani na Kiganda sokoni, na Kiswahili kwa kiasi fulani na wageni na madereva. Kiswahili kilitajwa kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda katika marekebisho ya Katiba ya 2005, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliazimia kukipa nafasi zaidi, ikiwemo shuleni, lakini hatua hizo bado hazijafika kwenye ubao wa matangazo wa halmashauri ndogo. Muhtasari wa kurasa mbili kwa Kisoga, usomwe redioni kwa wiki chache, haugharimu fedha nyingi ukilinganishwa na malipo ya kampuni ya ushauri inayochora mpango wenyewe.

Wapo pia wasiofikiwa hata pale matangazo yanapofanywa vizuri. Mpangaji, ambaye katika miji ya barabarani ni sehemu kubwa ya wakazi, huonekana hana maslahi kwa sababu hana ardhi, ingawa ni yeye atakayehamishwa kwanza ukanda ukibadilika. Mwanamke naye yuko katika hali ya utata: Sheria ya Ardhi ya 1998, pamoja na marekebisho yake ya 2004, inataka ridhaa ya mke au mume kabla ya ardhi ya familia kuuzwa, lakini mkutano wa kijiji unapoitwa na mwenyekiti wa LC, yaani halmashauri ya mtaa, anayesimama kusema kwa niaba ya nyumba ni baba. Bibi anayelima bustani ya mboga kwenye kinamasi, ambacho ramani imekitia kijani, anaweza kusikia habari hiyo siku walinzi wa mazingira wanapofika.

Fikra za kimataifa kuhusu suala hili zilikomaa mwaka 1969, mwaka ambao kamati iliyoongozwa na Arthur Skeffington ilitoa Uingereza ripoti ya kutaka wananchi washirikishwe tangu mipango ikiwa michanga, naye Sherry Arnstein wa Marekani akachapisha makala yaliyopanga ushiriki wa raia katika ngazi yenye vidato vinane. Vidato vya chini kabisa ni vya kuwahadaa watu, vya kati ni vya kuwaarifu, kuwauliza na kuwatuliza, na vya juu ni vya kuwakabidhi sehemu ya uamuzi. Maneno ya Arnstein yalikuwa makali, na pengine yalizidi kidogo, kwa kuwa si kila mtaa unataka au unaweza kujiamulia njia ya bomba la majitaka linalopita mitaa mitano. Hata hivyo alibainisha jambo ambalo sheria ya Uganda bado haijalishika kwa nguvu: kuulizwa bila kupewa jibu ni kukaa kwenye kidato cha kati milele. Mwananchi wa Buwenge akiandika pingamizi, anahitaji kujua kama lilisomwa, kama lilikubaliwa, na kama lilikataliwa ni kwa hoja gani. Pasipo jibu la namna hiyo, siku 90 hutimia, mafaili hufungwa, na safari ijayo hakuna anayejisumbua kuandika. Hapo ndipo panapovuja, na marekebisho yoyote ya kanuni yasiyoziba hapo yataacha mambo yalivyo.

Mahakama za nchi jirani zimeanza kulisema jambo hili waziwazi. Katiba ya Kenya ya 2010 iliweka ushirikishwaji wa wananchi miongoni mwa tunu za taifa, na Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, katika hukumu ya mwaka 2019 kwenye shauri la kampuni ya tumbaku ya British American Tobacco, ilieleza kwamba ushirikishwaji lazima uwe wa kweli na usiwe wa kutimiza desturi tu, huku ikikubali kwamba mamlaka hailazimiki kufuata kila maoni inayopewa. Mizani hiyo ni ya busara. Inamlinda mwananchi dhidi ya mikutano ya maonyesho, na inamlinda mpangaji mji dhidi ya dhana kwamba wingi wa sahihi unaweza kugeuza bonde la mafuriko kuwa mahali salama pa kulala.

Kuhusu mafuriko, Mbale inatosha kuwa ushahidi. Mji huo ulio chini ya Mlima Elgon, uliosifiwa zamani kwa usafi na mpangilio wake, ulikumbwa na maji usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, pale mito ya Nabuyonga na Namatala na vijito vyake ilipofurika, na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Kanuni za mazingira za mwaka 2000 zilikwisha kuweka eneo la ulinzi la mita 100 kando ya mito mikubwa iliyoorodheshwa, Nile ikiwemo, na la mita 30 kando ya mito mingine. Zilikuwa kwenye karatasi. Nyumba zilikuwa kwenye kingo. Itakuwa rahisi kusema kwamba wakazi walikaidi, lakini wengi wao waliuziwa viwanja na watu waliojua, mbele ya viongozi waliotia sahihi kama mashahidi. Isitoshe, wazee wa maeneo ya chini ya mlima hujua mto ulipopita katika miaka ya mvua kubwa, na maarifa hayo hayapatikani kwenye picha ya satelaiti iliyopigwa wakati wa kiangazi. Mashauriano yanayofanywa vizuri huyaingiza kwenye ramani kabla mstari haujachorwa.

Hofu moja hujitokeza karibu kila mara ramani mpya inapotajwa, nayo ni ya kunyang'anywa. Inafaa itenganishwe sehemu mbili. Katiba ya 1995, ibara ya 242, inairuhusu serikali kusimamia matumizi ya ardhi kwa sheria na sera, na usimamizi huo wa kawaida, kama vile kukatazwa kujenga ghala la mafuta katikati ya makazi, hauleti fidia. Ibara ya 26, kwa upande wake, inakataza mali ya mtu kuchukuliwa bila fidia ya haraka, ya haki na ya kutosha, inayolipwa kabla ya kuchukuliwa. Mahakama ya Juu ya Uganda iliisimamia ibara hiyo mwaka 2015 katika shauri la Mamlaka ya Taifa ya Barabara dhidi ya Irumba na mwenzake, ikatangaza kwamba kifungu cha sheria kilichoruhusu serikali kuingia kwenye ardhi kabla ya kulipa kilikuwa kinyume cha Katiba. Kwa hiyo barabara iliyochorwa juu ya kiwanja cha mtu kwenye rasimu si barabara bado. Hofu ya kodi nayo ina mipaka yake, kwani sheria ya kodi za majengo ya 2005, baada ya kurekebishwa mwaka uliofuata, iliisamehe nyumba anamoishi mwenyewe; nyumba ya kupangisha na ya biashara hazikusamehewa.

Uganda tayari ina jukwaa ambalo lingeweza kubeba mazungumzo haya. Mpango wa Baraza, ulioanzishwa mwaka 2009 chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, huwakutanisha wananchi na maofisa katika ngazi ya gombolola ili maofisa waeleze walichofanya kwa fedha za umma na wananchi waulize maswali papo hapo. Kumwita ofisa mipango kwenye kikao kama hicho, akiwa na ramani iliyokuzwa kijiji kwa kijiji, na kumtaka arudi kwenye kikao kinachofuata akiwa na orodha ya pingamizi na majibu yake, ni hatua ambayo halmashauri ya mji inaweza kuichukua bila kungoja Bunge.

Wakati huohuo, mwananchi asingoje kuitwa. Rasimu inapotangazwa, afike kwenye ofisi ya halmashauri pamoja na majirani, aombe kuonyeshwa ardhi yake kwenye ramani, aandike maoni yake akitaja kijiji, muluka na mipaka, na aondoke na nakala iliyopigwa mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Asiporidhika na uamuzi wa kamati ya chini, sheria inampa njia ya kukata rufaa hadi Bodi ya Taifa na kisha Mahakama Kuu. Akihitaji kujua pingamizi lake lilijadiliwaje, aombe muhtasari wa kikao kwa kutumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2005, ambayo inampa ofisa wa habari siku 21 za kujibu.